Kipande Kinachoingia Pande Zote Mbili

Baba alinionya, nami nikamfokea. Naanza na hilo kwa sababu nikianza kwingine nitajipamba, na watu wa kwetu Ileje wakimsikia mtu anajipamba huwa wanaguna tu na kuendelea kupukuchua mahindi. Nilimfokea mzee mgonjwa aliyekaa kwenye kochi la dada yangu, Tunduma, blanketi magotini, eti kwa sababu aliniuliza swali la kiseremala kuhusu kazi yangu ya maabara. Swali lenyewe lilikuwa sahihi. Mjinga nilikuwa mimi, mjinga mwenye shahada.

Baba alikuwa seremala Itumba. Karakana yake ilikuwa banda la bati lililo wazi upande mmoja, na miezi ya mvua ukungu uliingia mpaka juu ya meza ya kazi. Mbao zinanyonya maji, randa inakwama, naye anatukana kwa Kindali, taratibu, kama mtu anayesali. Vitanda na makabati alitengeneza akiombwa, lakini jina lake lilikuwa milango. Mlango wake haukuwa na msumari hata mmoja. Kila ubao ulichongwa ulimi, kila ulimi ulikuwa na tundu lake kwenye ubao mwingine, na vikishashikana hata fahali asingevitenganisha.

Kabla ya kuunganisha alipiga chale. Alichukua kisu kidogo, akakata alama karibu na kila ulimi na karibu na kila tundu: ulimi wa chale moja unakwenda kwenye tundu la chale moja, wa chale mbili kwenye tundu la chale mbili. Sisi binti zake wawili tulijua kuhesabu kwa chale kabla hatujapelekwa shule. Kilichomsumbua zaidi ni ubao wa kati, ule unaolala katikati ya mlango. Wa kwake ulikuwa na mfereji mwembamba upande wa juu, wa kushika kioo, na mfereji mpana upande wa chini, wa kushika mbao. Ukiuingiza kichwa chini, mlango umeharibika. Kwa hiyo ulimi mmoja wa ubao huo aliuchonga mnene na mwingine mwembamba, makusudi, ili ubao wenyewe ukatae kuingia vibaya.

Nilipokuwa darasa la tano nilimwomba anipe mlango mmoja nipime na kuchonga ndimi mwenyewe. Nikazichonga sawasawa, nzuri, pacha kabisa, nikajisifu. Akauchukua ubao wangu wa kati, akaugeuza, akaupachika kichwa chini. Ukaingia laini. Akaniambia, "Umeona? Kipande kinachoingia pande zote mbili, siku moja kitaingia upande mbaya. Kabla hujaweka gundi, geuza ubao, tazama upande wa pili." Nililia, naye akanipa kipande cha muwa. Miaka hiyo ilikuwa mizuri na sikujua.

Kiangazi, wateja wakipungua, alipanda basi kwenda machimboni, kaskazini mwa mkoa wetu. Alikwenda kupiga matimba, yaani kuweka nguzo za miti ndani ya mashimo yasiwaporomokee wachimbaji. Baadaye akaanza na yeye kuosha mchanga wa dhahabu kwenye kijito pamoja na wenzake. Zebaki waliimimina kiganjani, wakaukanda mchanga nayo kwa mikono mitupu kama mtu anayekanda maandazi, kisha lile donge wakalichoma juu ya jiko la mkaa, ndani ya kibanda, mlango umefungwa upepo usipeperushe. Mwaka mmoja alituletea nyumbani kidogo ndani ya kizibo cha soda tuione. Tukaichezea kwenye sahani ya bati, tukaikimbiza kwa vidole, tunacheka. Hakuna aliyetuambia. Na yeye nani alimwambia?

Mikono ilianza kutetemeka polepole. Kwanza chai ilimwagika kwenye kisahani. Halafu randa ikaanza kuruka. Siku niliyoelewa kwamba mambo yameharibika nilikuwa likizo, nimekaa pembeni mwa karakana, nikamwona anajaribu kupiga chale tatu na kisu kinateleza, kinateleza tena, mpaka akajikata kidole gumba. Akakiweka kisu chini, akakiangalia kile kidole kwa muda mrefu. Daktari hakusema ni zebaki. Alisema inaweza kuwa zebaki na inaweza isiwe, ila figo nazo zimechoka, awe karibu na hospitali. Dada yangu, ambaye anauza vitenge karibu na mpaka, akamchukua akakae kwake Tunduma. Karakana ikafungwa. Upande ule uliokuwa wazi ulizibwa kwa mlango wake mwenyewe.

Mimi wakati huo nilikuwa chuoni, mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, nasomea shahada ya pili. Somo langu ni kuunganisha vipande vya DNA. Nilipotakiwa kuchagua mradi sikufikiri mara mbili: nilitaka kutengeneza bakteria anayegeuka rangi akikutana na zebaki kwenye maji. Sikuubuni mimi ujuzi huo, wenzetu walishafanya zamani. Nilitaka tu wa kwangu ufanye kazi kwenye maji ya kijito kile.

Nilimweleza baba nilipokuja Tunduma likizo. Akanisikiliza, kichwa kimeinama.

"Kwa hiyo unatengeneza mdudu anayenusa."

"Ndiyo, baba."

"Na akinusa?"

"Anakuwa mwekundu."

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi. Wiki mbili baadaye, bila kumwambia mtu, alipanda basi peke yake mpaka machimboni, na miguu imevimba kwa ajili ya figo, akachota maji kwenye kijito na kuyaleta ndani ya chupa. Dada alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Baba aliniomba kisu, akakwaruza chale tatu kwenye kifuniko, zimepinda kama miguu ya kuku, jasho linamtoka.

"Kila utakapoyaweka maji yangu, weka chale zangu," aliniambia. "Nijue kwamba ni ya kwangu. Na hiyo rangi nataka niione kabla sijaondoka."

"Baba, usijichurie."

"Sijichurii, mama. Nataka kujua ni nini kilichoninyang'anya mikono. Basi."

Nilimwambia wale bakteria hawaruhusiwi kutoka nje ya maabara, ila nitamletea picha. Akasema picha inatosha. Kwake picha ile ndiyo ilikuwa imebaki ya kusubiri hapa duniani. Nililijua hilo wakati ule ule, siwezi kusema sikujua.

Sasa nifike kwenye kosa.

Ilikuwa likizo nyingine, mchana, sebuleni kwa dada. Nje foleni ya malori imesimama kama kawaida, honi zinalia, na dada yuko kibarazani anamsalimu kwa Kibemba mteja kutoka ng'ambo ya mpaka, "Mulishani, bamayo! Karibu, kitenge kipya hiki, waksi halisi!" Mimi nina kompyuta mapajani, napanga vipande vyangu kwa ajili ya kuviagiza. Vilikuwa vinne: kipande cha pua, ambacho kinanusa zebaki na kuwasha swichi, kipande cha rangi, kipande cha kuzimia, kinachosema mwisho ni hapa, na kile kirefu cha kubebea vyote, vikiungana vinafanya duara. Baba akaniomba nimweleze jinsi vinavyoungana.

Nilimweleza, na nilikuwa na furaha kumweleza, hilo nalo liandikwe. Nikamwambia kuna njia ya zamani: unakata kwa kimeng'enya, ncha zinabaki na herufi zilezile kila mara, unaunga kipande baada ya kipande, kazi ya kuchosha. Kuna ya pili: unavitengeneza vipande ili mwisho wa hiki ufanane na mwanzo wa kile, kimeng'enya kinautafuna uzi mmoja wa kila ncha, nyuzi tupu zinazobaki zinatafutana na kushikana, kingine kinajaza mapengo, kingine kinaziba. Na kuna ya tatu, niliyoichagua mimi. Hapo kimeng'enya kinasoma mahali pamoja na kukata pembeni yake, kwa hiyo herufi nne zinazobaki kwenye kila ncha unazichagua wewe. Unaweka vipande vyote kwenye kijichupa kimoja, pamoja na kimeng'enya cha kuunga, mashine inapandisha joto na kushusha, na baada ya saa chache vimejipanga vyenyewe, kwa sababu kila ncha inamjua mwenzake.

Baba akanyanyua kichwa. "Hizo ni chale."

"Ndiyo, baba. Ni chale kabisa."

"Kumbe wanafanya kama mimi." Akafurahi, akajivuta mbele kwenye kochi. "Na hicho cha kati, cha rangi. Ndimi zake hazifanani?"

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Upande wa kushoto wa kipande cha rangi nilikuwa nimechagua AATG. Upande wa kulia, CATT. "Tazama, baba. Hazifanani."

Akazitazama, midomo inacheza kama mtu anayehesabu. "Umegeuza?"

"Nimegeuza nini?"

"Ubao. Umeugeuza ukatazama upande wa pili?"

Sijui ni nini kilinipanda kichwani. Joto la bati, honi za malori, au tarehe ya kuagiza iliyokuwa siku ileile. Nasema sijui, lakini najua: niliona aibu kufundishwa. Nikamwambia, "Baba, hii siyo milango! Mimi nimeisomea kazi hii miaka na miaka. Wewe umeishia darasa la saba."

Mazungumzo kibarazani yakakatika. Dada akafunua pazia, akanitazama, kisha akarudi kwa mteja wake. Baba akavuta blanketi juu ya magoti, ingawa hakukuwa na baridi.

"Haya, mama," akasema.

Hakuna zaidi. Angenitukana kwa Kindali ningepona mapema. Nikatuma oda alasiri ileile, na jioni nikamkatia papai nikamlisha kwa kijiko, nikidhani hiyo ndiyo samahani. Wengi wetu tunaombana msamaha kwa chakula, na mara nyingi inatosha.

Vipande vilinikuta chuoni baada ya wiki kadhaa. Vinakuja vimekauka chini ya vijichupa, huvioni hata ukikaza macho, unaiamini karatasi tu. Nikavilowesha, nikavichanganya, nikaweka kwenye mashine. Nikawapa bakteria duara langu, nikawapanda kwenye sahani, na kesho yake sahani imejaa vidoa, kila kidoa kizazi cha bakteria mmoja. Nikachukua vidoa vinne, nikatoa DNA yao, nikaipima urefu kwenye jeli. Vyote vinne vilikuwa na urefu sahihi. Nikachagua kilichokua vizuri kuliko vyote, na sahani nikaifunga kwa utepe, nikaiweka kwenye friji. Nikatoka nje kupiga simu.

"Imekubali, baba!"

"Imekubali?"

"Imekubali kabisa."

"Ahsante Mungu," akasema, na nikamsikia anamwambia dada, "Mwenzio ameshaunga." Kisha akarudi kwangu. "Basi weka maji yangu."

Kabla ya maji yake niliwajaribu kwa zebaki ninayoipima mwenyewe, kidogo sana. Hakuna rangi. Nikaongeza. Hakuna. Nikarudia siku ya pili, ya tatu, nikabadilisha chakula cha bakteria, nikabadilisha joto, nikamlaumu aliyesafisha vyombo. Weupe mtupu. Msimamizi wangu akaniambia nitume DNA ikasomwe herufi kwa herufi, na majibu yake huchukua muda. Wakati huo dada anapiga simu kila siku, sauti yake inazidi kuwa ndogo. Baba hakojoi vizuri. Baba hali. "Na kila asubuhi akiamka swali ni moja, picha imekuja? Wewe mtoto, nimjibu nini?"

Nilikuwa na kijichupa kingine mezani. Kila anayefanya kazi kama yangu huwa nacho: bakteria aliyetengenezwa awe mwekundu wakati wote, zebaki iwepo isiwepo, ili uwe na kitu cha kulinganishia. Mwekundu mzuri, kama juisi ya rozela. Asubuhi moja, dada akiwa ameshanipigia mara mbili, nilikishika kijichupa kile nikakiinua dirishani. Nilichukua kalamu nichore chale tatu ubavuni mwake. Mkono ukagoma. Uongo niliuweza, ila kuweka alama ya baba juu ya uongo nikashindwa. Nikapiga picha hivyohivyo, nikaituma kwenye simu ya dada, nikaandika: Mwambie rangi hiyo.

Dada akapiga analia kwa furaha. "Ameomba miwani! Ameitazama, ameitazama, mpaka simu inataka kuzima chaji!" Baada ya saa moja ukaja ujumbe wa sauti, wa baba mwenyewe. Pumzi ndefu kwanza. Honi ya lori. Kisha: "Mwanangu. Nimeiona. Rangi ni nzuri." Pumzi tena. "Sasa wewe geuza ubao."

Nilidhani anaweweseka. Nilidhani figo zimeshapanda kichwani, kama daktari alivyotuonya. Nilikaa na ule ujumbe siku mbili, nikiusikiliza kwenye ngazi za maabara, nalia, nafuta machozi, narudi ndani kuangalia weupe wangu. Siku ya tatu, sijui kwa uchovu au kwa nini, nikachukua karatasi nikaandika AATG na CATT, kubwa, kama mtoto wa chekechea. Halafu nikafanya alichosema.

DNA ni nyuzi mbili zilizolala kinyume, huyu anaelekea huku, mwenzake anaelekea kule. Penye A mwenzake ana T, penye C mwenzake ana G. Ukitaka kusoma uzi wa pili lazima ugeuze, uanzie mwisho. Niligeuza CATT. Nikaandika mwenzi wa kila herufi kuanzia nyuma: A, A, T, G.

AATG. Zilikuwa ndimi pacha. Kipande changu cha rangi kiliweza kuingia pande zote mbili, na kwenye kidoa nilichokichagua kiliingia kichwa chini, kimeipa swichi mgongo. Urefu ule ule, kwa hiyo jeli haikuniambia kitu. Mtoto wa darasa la tano alishalifanya kosa hili kwenye mbao, akalia, akapewa muwa, na bado akaja kulirudia na kompyuta. Nilicheka pale mezani, kicheko kibaya, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama niko sawa.

Lakini kipande kinachoingia pande zote mbili huingia na upande mzuri pia. Kwenye ile sahani, karibu nusu ya vidoa vilipaswa kuwa sahihi. Nikaenda kwenye friji. Sahani ilikuwepo, utepe wangu juu yake. Nikachukua vidoa kumi na viwili, nikavikuza, na kesho yake nikavipa zebaki. Saba vikabaki vyeupe. Vitano vikaanza kubadilika, kwanza kama maji ya kuoshea nyama, halafu waridi, halafu wekundu wenyewe.

Sikusubiri. Kesho yake asubuhi na mapema nikafungua chupa ya kifuniko chenye chale, nikachuja maji ya baba, nikayaweka. Kwenye kijichupa cha pili nikaweka maji safi, maana mimi sasa nimekuwa mtu wa kugeuza. Saa nne hivi maji safi yalikuwa meupe bado, na ya baba yalikuwa yameiva. Nikapiga kelele, "Baba!" peke yangu, mbele ya dirisha. Nilirukaruka jamani. Ikapita labda nusu dakika ndipo nikaelewa ninachorukia. Zebaki ilikuwemo kwenye maji yale, maji aliyooshea mikono na kuyanywa kiangazi baada ya kiangazi, na yanayochotwa mpaka leo. Mimi nilikuwa naishangilia. Msimamizi wangu alikuja kuniambia baadaye kwamba chupa moja haitoshi kuwa ushahidi wa lolote, na ni kweli haitoshi.

Nikachora chale tatu kwenye kijichupa. Mkono haukugoma. Nikapiga picha vyote viwili, nikatuma, nikaandika: Hii ndiyo ya kwake, mwonyeshe chale. Ikatokea alama moja ya tiki. Nikangoja. Nikapiga, haikupokewa. Nikapiga tena, akapokea mwanamke ambaye sauti yake siijui, akasema dada yuko na watu, na baada ya muda dada akaja kwenye simu.

"Njoo nyumbani," akasema.

"Baba anaendeleaje?"

"Yupo. Wewe njoo tu."

Kwetu mtu akikwambia "njoo tu" hivyo, ujue. Hatuambiani msiba kwenye simu mtu akiwa safarini, tunaogopa asije akaanguka njiani. Kwa hiyo nilisafiri kutwa nzima nikijifanya sijui, na aliyekaa kiti cha pembeni akinipa karanga nami nikizila. Karibu na Vwawa nikafungua simu. Tiki zilikuwa mbili, za bluu. Nikajipa moyo kwamba labda alionyeshwa.

Hakuonyeshwa. Alikuwa amekufa alfajiri ya siku ileile, kabla sijafungua chupa.

Tulimzika Itumba, mvua ikinyesha, matope yanashika viatu vya wachungaji na vya wachimba kaburi sawasawa. Jeneza lilinunuliwa limeshatengenezwa. Lilipigwa misumari, na kona moja ilikuwa na mwanya ambao kidole kingepita. Nilisimama nikautazama ule mwanya wakati wote wa mahubiri. Sikusikia neno hata moja.

Kilichoniweka sawa siku zile, nikawa naweza kula na kuwapokea wageni, ni jambo moja tu, baya, nililolificha kifuani: kwamba angalau alikufa akiamini. Nilimdanganya, ndiyo, Mungu anajua, lakini aliiona rangi, akaomba miwani, akasema nzuri. Aliondoka ameridhika. Nilijirudishia maneno hayo nikichota maji, nikiosha masufuria. Unajua jinsi mtu anavyojibembeleza.

Siku ya tatu, watu wakishaanza kutawanyika, mimi na dada tulikuwa uani kwenye ungo tunachambua maharage ya chakula cha mwisho. Dada hakunitazama. Akasema, "Picha yako ya pili niliiona msiba umeshaingia. Yenye chale."

"Mm."

"Ile ya kwanza haikuwa na chale."

Vidole vyangu vikasimama kwenye maharage.

"Baba aliitazama sana," akasema dada. "Akaniomba miwani. Akanigeuzia simu hivi na hivi, anatafuta. Mimi nashangilia kama kichaa, kumbe mwenzangu anatafuta chale. Halafu akaniambia, hii siyo ya kwangu. Nikamwambia basi nimpigie nimuulize. Akakataa. Akasema usimwambie kitu, ataona haya. Yule akigeuza ataona mwenyewe, ataleta ya kwangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza, nimekwambia. Na asiyesikia la mkuu..." Hakuimalizia. Aliniona uso, akasogeza ungo upande wake na kuendelea kuchambua peke yake.

Nikamuuliza aliisubiri mpaka lini.

"Mpaka mwisho," akasema dada. "Usiku ule aliniambia simu niiweke juu ya mto, isizime."